Mpunga Ulioota Nguzo za Chuma

Mvua ya asubuhi inapiga bati la chumba kimoja nyuma ya soko la Kyela mjini, na mle ndani Veronika Amon anakitazama kiwanda kilicho mbali kuliko safari yoyote aliyowahi kuifanya. Yuko juu yake kama mwewe. Anaona paa lake refu jeupe, anaona minara inayotoa mvuke, anaona hata magari ya wafanyakazi yaliyopangwa kama punje kwenye gunzi la mahindi.

Anasogeza mshale wa kompyuta hadi kona ya paa, anabonyeza, anazungushia mstari wa njano. "Hili lilikuwepo," anasema bila kugeuka. Kisha anahamia upande wa pili, ambako udongo umechimbwa na winchi zimesimama. "Hili linakuja."

Nyuma yake, mwenzake Noah anakohoa kwa makusudi. "Dada Vero, hakikisha si mpunga."

Chumba kizima kinaangua kicheko, na Veronika anacheka kuwashinda wote. Mwezi mmoja uliopita asingecheka. Wakati huo neno mpunga lilikuwa likimkosesha hamu ya kula, kwa maana ni kwa sababu ya mpunga kazi ya chumba hiki ilikaribia kufungwa, na nguzo za banda la mama yake kule Ikombe zilikaribia kuoza mvuani kabla ya kuonja bati.

Veronika, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ni mmoja wa watu watano wa Kyela wanaosoma picha zinazopigwa na setilaiti. Kampuni iliyowaajiri ina ofisi Mbeya mjini. Kazi yao ni kusaidia kukadiria viwanda vya chipu duniani vina uwezo wa kutoa kiasi gani, na ni vipi kati yake vinajiandaa kupanuka.

Chipu ni kile kipande kidogo, mara nyingine kidogo kuliko ukucha wa mtoto, kinachofanya simu ifanye kazi ya simu. Kimo ndani ya redio, ndani ya kipimo cha sukari cha hospitalini, ndani ya mzani wa mnunuzi wa kakao. Viwanda vinavyokitengeneza ni vichache, na kujenga kimoja huchukua miaka. Kwa hiyo wapo wanaotaka kujua mapema kama chipu zitatosha au zitaadimika.

Wenye viwanda hutangaza mipango yao. Lakini tangazo ni maneno, na picha huonyesha kama maneno yameota miguu.

"Mtu anaweza kukuambia kuwa mwaka huu atalima ekari kumi," anasema Veronika. "Usibishane naye. Nenda kaangalie kama jembe limegusa ardhi."

Uwezo wa kiwanda cha namna hiyo hupimwa kwa sahani nyembamba za silikoni kinazoweza kuzimaliza kwa mwezi. Juu ya sahani moja huchorwa chipu nyingi, kisha sahani hukatwakatwa kama kashata. Kutoka angani sahani hazionekani. Kinachoonekana ni ukubwa wa paa, wingi wa minara ya kupozea mitambo, matangi ya maji, na uwanja wa transfoma za umeme.

Vipimo hivyo vinapelekwa Mbeya, ambako wengine huvilinganisha na viwanda ambavyo uwezo wake unajulikana. Jibu halitoki kama namba moja. Hutoka namba ya chini na namba ya juu, na ukweli unatarajiwa kulala katikati.

Msimamizi wao, Godlove, mwanamume mnene mwenye sauti ya mhubiri, aliwafundisha kanuni ambayo kila mmoja chumbani anaijua kama sala. Nguzo ni nia, paa ni ahadi, mvuke ndiyo kazi. Kiwanda chenye nguzo tu huandikwa kuwa kinapanuka. Kikipata paa huandikwa kuwa kinakaribia. Mpaka minara yake itoe mvuke ndipo kinaingizwa kwenye uwezo wa dunia.

Na kwa kuwa jicho la binadamu hudanganyika, kila picha hutazamwa na watu watatu, kila mmoja peke yake. Wawili wakikubaliana, hilo ndilo jibu. Watatu wakikubaliana, hakuna anayerudi nyuma kuliuliza.

Kanuni hiyo ndiyo iliyowaangusha.

Veronika alizaliwa Talatala, kwenye nyumba iliyozungukwa na majaruba ya mpunga pande zote. Baba yake, mzee Amon, alikuwa mkulima wa mpunga, na watoto wake walijua kuamia ndege kabla ya kujua kusoma. Mama yake, Bibi Felista, alitoka Ikombe, kijiji cha ziwani ambako wanawake hufinyanga vyungu kwa mikono mitupu, na ambako watu huenda kwa mtumbwi. Mzee Amon alipofariki, Bibi Felista alirudi kwao na kuushika udongo tena.

Veronika alimaliza kidato cha nne, akapata kibarua kwenye steshenari moja mjini Kyela, kuchapa barua na kutoa fotokopi. Hapo ndipo alipojifunza kompyuta, kwa kuikalia wakati wateja hawapo.

Kampuni ya Mbeya ilipokuja kutafuta watu wa kutambua mashamba ya kakao kwenye picha za angani, yeye alikuwa wa kwanza kujitokeza. Alifanya vizuri. Kazi ya kakao ilipokwisha, ikaja ya viwanda.

Steshenari alikuwa akipata shilingi laki moja na ishirini kwa mwezi. Sasa, mwezi wenye kazi, hupata zaidi ya mara tatu ya hapo. Kwa fedha hiyo aliahidi kumjengea mama yake banda.

Ahadi hiyo haikuwa ya kujionyesha. Masika, vyungu vibichi havikauki. Vikipelekwa motoni vikiwa na unyevu, hupasuka. Kwa hiyo miezi ya mvua Bibi Felista hukaa akiangalia ziwa, na ziwa halijawahi kununua chungu. Banda lenye paa lingemwezesha kufinyanga mwaka mzima. Nguzo zilisimamishwa mwishoni mwa mwaka jana. Mabati yalikuwa yafuate.

Ndipo ikaja picha ya mwisho wa Februari.

Ilikuwa ya kiwanda kikubwa katika nchi moja ya Asia Mashariki. Pembeni mwa paa lililozoeleka palikuwa na eneo lililogawanywa miraba miraba, kila mraba umejaa maji yanayong'aa, na kati ya mraba na mraba kuna ukingo wa udongo. Veronika aliitazama mara moja tu.

"Nilihisi kama niko nyumbani," anasema. "Februari, maji yamejaa, kingo zimepandishwa. Ni jaruba! Niliandika shamba la mpunga, nikaendelea. Hata nilijisemea, hawa nao wana akili, hawajengi juu ya ardhi ya chakula."

Diana, anayekaa karibu na dirisha, alipewa picha hiyo hiyo. Aliandika shamba la mpunga. Noah akapewa, akaandika shamba la mpunga, na pembeni akaongeza kuwa shamba lenyewe limetunzwa vizuri. Watatu wamekubaliana. Kiwanda kikaandikwa kuwa hakina mpango wa kupanuka, na makadirio yakaenda kwa wateja.

Picha iliyofuata ilifika mwezi mmoja baadaye, Ijumaa moja mchana. Veronika aliifungua akitafuna andazi. Andazi likabaki mdomoni.

Katikati ya majaruba palikuwa na nguzo. Safu kwa safu, zimenyooka, zimetupa vivuli virefu juu ya udongo.

"Nikamwita Diana. Nikamwambia, mdogo wangu, njoo uone mpunga unavyoota huku."

Diana alipoinama na kuona, alijishika kichwa. "Mungu wangu. Nguzo za chuma!"

Walitafuta picha za nyuma wakazipanga. Kisha wakafanya jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyelifikiria mwanzoni, wakaangalia hali ya hewa ya nchi ile. Februari ya kule ni ya baridi kali. Mashamba ya mpunga hulala makavu mpaka mwezi wa tano. Yale maji waliyoyaona ni mvua na theluji iliyoyeyuka, imejaa kwenye mashimo ya msingi. Watoto watatu wa Kyela walikuwa wameitazama Februari ya watu wengine wakaiona Februari yao.

Kila mmoja alijua kuwa chumba kingine cha kampuni hiyo, katika mji mwingine, kilishafungwa kwa tuhuma za kubahatisha majibu. Ukiona watatu wamekosea kosa moja, utafikiri nini? Utafikiri mmoja alitazama na wawili wakanakili.

Diana ndiye aliyesema lililokuwa mioyoni mwa wengi. "Dada Vero, kwani lazima? Tuandike tu kwamba mwezi huu nguzo zimeanza. Nani atarudi kufukua za Februari?"

"Nani atarudi?" Noah akarudia, lakini kwa sauti ya mtu anayejiuliza.

Veronika anakiri kuwa alizifikiria nguzo za Ikombe, zile zisizo na bati. Alifikiria pia kwamba mahali fulani kuna mtu aliyeshika makadirio yao mkononi, anayeamua anunue nini na asubiri nini, na anaamini kuwa pale pana mpunga.

"Nikasema, kosa nimeanza mimi. Acheni niliseme mimi."

Alimwandikia Godlove ujumbe, akaeleza kila kitu, akaambatanisha picha zote mbili. Jibu lilikuja kabla ya jioni, nalo lilikuwa fupi. "Nimeona. Nazungumza na wateja. Msiguse picha nyingine mpaka niwapigie."

Ndipo umeme ukakatika, kama vile nao umeshtuka.

Jumamosi Veronika alipanda gari hadi Matema, akavuka kwa mtumbwi hadi Ikombe. Hakutaka kuisubiri simu ndani ya chumba chenye kompyuta zilizozimwa. Kule mtandao haufiki, na siku hiyo aliliona hilo kuwa baraka.

Alimkuta mama yake kwenye moto. Bibi Felista, mwanamke mkavu, mwenye mikono yenye rangi ya udongo hata siku ya ibada, alikuwa akitoa vyungu jivuni kwa mti mrefu, pamoja na jirani yake, mama Yusto. Kwa siku mbili mvua ilikuwa imewaachia jua, nao wakaliwahi.

"Karibu, mwanangu. Mbona umekuja na uso wa mtu aliyefiwa na ng'ombe?"

"Kazi imeharibika, mama."

"Ile ya kuchungulia mapaa ya watu?"

"Hiyo hiyo."

"Nilisema mimi. Ukichungulia kwa jirani, siku moja atakuona."

Mama Yusto alicheka mpaka akaweka chungu chini. Veronika akaketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa, akawaeleza habari ya miraba, na maji, na nguzo, na mashamba ya kule yanayolala makavu Februari. Bibi Felista alisikiliza huku akiendelea na kazi, kisha akasimama na mti wake.

"Februari, na shambani hakuna maji? Nchi gani hiyo?"

"Ya baridi, mama. Kuna theluji."

"Basi hata mimi ningesema mpunga." Akamgeukia jirani yake. "We mama Yusto, maji yamejaa, kingo zimesimama, Februari. Ungesema nini?"

"Mpunga," alijibu mama Yusto bila kufikiri. "Na ningeuliza wameanza kupalilia?"

Veronika anasema hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, ingawa kicheko hakikufika mbali. Nyuma ya nyumba aliziona nguzo. Kuku walikuwa wamezifanya mahali pa kupumzikia. Mama yake hakuzitaja hata kwa jicho, na huko kutozitaja ndiko kulikomuuma.

Vyungu vilipopoa, Bibi Felista alianza kuvigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, sikio limeinama. Vingi vililia kama kengele. Kimoja, kizuri, chenye mdomo wa duara safi, alikigonga mara mbili akakiweka kando na vigae.

"Hicho mbona kizima, mama?"

"Kwa macho." Akakigonga tena. Kilitoa sauti nzito, kama mtu mwenye mafua. "Nikikipakia, kitafika Lyulilo sokoni na kitanunuliwa. Mwenye nacho atabandika maharage. Maharage yakimwagika motoni, ndipo atakapolikumbuka jina langu."

Akafuta mikono kwenye kanga. "Huyo mkubwa wako alilikuta kosa mwenyewe, au ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Basi njoo ule samaki, usinilishe huzuni hapa."

Jumapili baada ya ibada Veronika alirudi. Mtumbwi ulipokaribia Matema, simu ilianza kutetemeka mfukoni, ujumbe juu ya ujumbe, kisha ikalia. Alikuwa Godlove. Mpiga kasia, akiona abiria wake anatetemeka kuliko simu, aliacha kupiga maji.

"Mugonile, mkuu," Veronika alimwamkia kwa salamu ya kwao ya asubuhi, ingawa ilikuwa mchana.

"Gwe Veronika, uko wapi? Nimekutafuta tangu jana!"

"Nilikwenda Ikombe kwa mama. Bosi, kama ni kufunga, niambie tu. Ila Noah na Diana hawakunakili. Naapa hawakunakili."

"Nani amesema walinakili? Kila jibu lina saa yake, nimeziangalia. Kila mtu alikosea peke yake, tena kwa moyo wote." Ile sauti ya mhubiri ikashuka. "Sikia. Unajua nani aliyepitisha hiyo picha baada yenu?"

"Sijui."

"Mimi. Na unajua mimi ni mtu wa wapi?"

"Wa Mbeya."

"Naishi Mbeya. Kwetu ni Ipinda, huko huko Kyela. Niliona majaruba, nikafurahi, nikapitisha. Nilisikia hata harufu ya wali."

Veronika anakumbuka kwamba alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja, na kwamba mpiga kasia naye alianza kucheka bila kujua anacheka nini.

Godlove alimweleza yaliyobaki. Wateja walikuwa wamepokea masahihisho. Namba ya juu ya makadirio ilikuwa imeacha nafasi, kwa hiyo hesabu ya dunia haikupinduka, ilisogea tu. Wateja hawakulikasirikia kosa kama walivyoridhika kwamba limesemwa na waliolitenda. Chumba cha Kyela kingeendelea. Kilichobadilishwa ni mpangilio.

"Tulidhani tuna macho matatu," alimwambia. "Kumbe macho matatu ya Kyela ni jicho moja."

Tangu siku ile kila picha hutazamwa na mtu mmoja wa Kyela, mmoja wa Makete ambako baridi huunguza viazi shambani, na mmoja wa Pwani asiyejua habari za jaruba. Hawakubaliani haraka kama zamani. Wa Makete huona baridi kila mahali, na wa Pwani aliwahi kuyaandika matangi ya maji ya kiwanda kuwa mabwawa ya chumvi. Noah ameibandika habari hiyo ukutani, ili Kyela isiaibike peke yake.

"Ndaga fijo kwa Mungu," anasema Veronika, akimaanisha shukrani nyingi. "Unajua, niliogopa kufukuzwa kwa ujinga. Kumbe haukuwa ujinga. Nilikuwa nawajua watu wa kwetu tu, nikadhani nawajua wote."

Sasa anajiandaa kwenda Mbeya kiangazi hiki kujifunza hatua ya pili ya kazi, ile ya kugeuza vipimo vya paa na minara kuwa idadi ya sahani. Anataka kujua kwa nini namba ya chini ni ya chini na ya juu ni ya juu, badala ya kuzipeleka tu kama tarishi.

Mabati ameshayanunua. Yameegemezwa ukutani chumbani, nyuma ya kiti cha Diana, anayelalamika kuwa yanamkwaruza kila akiinuka. Jumamosi yatapanda gari hadi Matema, kisha mtumbwi.

Siku ya soko iliyopita, Bibi Felista aliazima simu pale Lyulilo akampigia bintiye. Alikuwa na swali.

"Hilo paa likikamilika, utaliona huko kwenye mashine yako?"

"Nitaliona, mama."

"Na utaniandika? Kwamba Felista wa Ikombe amepanua kiwanda?"

Veronika alijikaza asicheke. "Hapana, mama. Nguzo ni nia, paa ni ahadi. Sisi hatumhesabu mtu mpaka tuone anafanya kazi. Mpaka nione moshi."

Upande wa pili palikuwa na kelele za soko, na sauti ya chungu kikigongwa kwa kifundo cha kidole. Kililia vizuri.

"Moshi utauona," alisema Bibi Felista. "Wewe lete mabati."